Watoto weupe wa Malkia hawakutoka kwa mbwa koko

Malkia wangu ni mbwa jike wa aina ya shepadi wa Kijerumani, mweusi tii. Simba, dume langu, ana mgongo mweusi na miguu ya kahawia. Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikiwa imeshika kisawasawa, nilimulika tochi bandani nikakuta watoto wanane, na wawili kati yao weupe kama pamba. Nilifurahi mno. Furaha yenyewe haikufika mchana.

Jirani wa kwanza alisema mbwa koko ameruka ukuta. Wa pili akasema hao ni albino. Aliyeniuzia Malkia ndiye aliyenikera kuliko wote: alinishauri kwa simu niwaue wale wawili kabla hawajafumbua macho, watu wasije wakasema anauza mbwa wasio halisi. Mpaka leo nikikumbuka maneno yale moyo unachafuka.

La ualbino halikunisumbua sana. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na pua ya waridi, lakini baada ya wiki chache pua, midomo na kope za hawa wawili zilikuwa nyeusi kama mkaa, na macho ya kahawia iliyokolea. Albino hapati rangi hiyo. Wakaja waliosema mbwa mweupe ni kiziwi. Nikasubiri wamelala fofofo, nikagonga mfuniko wa sufuria nyuma ya banda. Wote wanane waliruka. Uziwi huja pale ambapo chembe zinazotengeneza rangi zenyewe zinakosekana. Hawa wanazo, ila nywele zao tu ndizo haziwezi kupokea rangi nyeusi.

Suala la mbwa koko lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba jike akipandwa na madume mawili katika joto moja anaweza kuzaa watoto wa baba wawili. Hapo kusema tu hakusaidii. Joto lililofuata nilimfungia Malkia siku zote ishirini na moja, bati juu, kufuli mlangoni, ufunguo shingoni mwangu hata nikienda Mwanjelwa. Mwenzake pekee alikuwa Simba. Wakazaliwa saba, wawili weupe.

Nilikwenda kwa mzee jirani, yule wa mbwa koko, nikiwa na maharage mekundu, maharage meupe na vikombe viwili vya bati. Kila kikombe nikaweka punje moja nyekundu na moja nyeupe. "Mzee, hiki ni Malkia, hiki ni Simba. Fumba macho, chukua punje moja hapa na moja pale. Hizo mbili ndizo mtoto mmoja. Ikiwemo nyekundu hata moja, mtoto ana rangi. Zikikutana nyeupe mbili, ni mweupe." Alichukua, nikapanga jozi kwenye ungo, nikarudisha punje nyingine vikombeni, akachukua tena. Mara ishirini. Jozi nyeupe tupu zilitoka sita. Kwa hesabu hutarajiwa tano, robo, lakini robo ni wastani. Uzao mmoja unaweza kutoa wanne na mwingine usitoe hata mmoja. Mzee aliutazama ungo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe, mwanangu, nyeupe imejificha kwa wote wawili. Ndaga." Yaani asante, kwa Kinyakyusa.

Punje ile kwa mbwa ni jeni, sehemu ya urithi kutoka kwa kila mzazi, iitwayo MC1R. Na si kitu kilichoingia juzi. Mbwa wa kwanza kuandikwa katika kitabu cha shepadi wa Kijerumani, Horand von Grafrath, aliyenunuliwa na Max von Stephanitz, Mjerumani mwanzilishi wa aina hiyo, mwaka 1899, babu yake upande wa mama, Greif, alikuwa mweupe. Wajerumani waliikataa rangi hiyo rasmi mwaka 1933, lakini jeni haisomi kanuni. Iliendelea kusafiri kimya ndani ya mbwa weusi na wa kahawia, mpaka ikafika Uyole. Uswisi waliwaandikisha weupe kuanzia mwaka 1991, na leo ni aina inayojitegemea.

Sasa kuna ushauri ulionigharimu. Mfugaji mmoja mzoefu aliniambia mweupe huzaa weupe, nikamwamini. Jike mweupe wa uzao wa kwanza, Pamba, alipokomaa nikampeleka Iringa kwa dume zuri jeusi na kahawia. Nauli, chakula na ada ya kupandisha vilinitoka laki nne na kitu. Watu watatu wakanipa kianzio wakitaka weupe. Siku sitini na tatu baadaye walizaliwa tisa, wote wana rangi. Nilirudisha kianzio cha kila mtu, na mmoja akaniita tapeli mbele ya mke wangu.

Usiku ule nilirudi kwenye vikombe. Pamba: punje mbili nyeupe. Dume la Iringa: ni wazi lilikuwa na nyekundu mbili. Nichukue nitakavyo, jozi nyeupe haitoki. Lakini kila jozi ilikuwa na nyeupe moja ndani yake, yaani wale tisa wote wamebeba weupe bila kuuonyesha. Nilikuwa nimetangaza kuwauza kwa bei ya kutupa; nikasitisha, nikabakiza jike mmoja, Kahawa. Ukitaka kununua jike kwa ajili ya weupe, usiangalie manyoya yake tu, uliza wazazi.

Mwaka huu nilipata dume jeupe Makambako, lisilo na undugu na mbwa wangu. Kabla ya kumpandisha Kahawa, mzee alikuja mwenyewe na vikombe, kimoja kina nyekundu na nyeupe, kingine nyeupe mbili. Akachukua, akapanga, akasema, "Safari hii nusu." Walizaliwa wanane, watatu weupe. Mmoja wa weupe amemchukua yeye, analinda shamba lake la viazi.