Siku moja maishani mwangu: naunda ndege ambayo siruhusiwi kuitaja jina

Saa 11:30 alfajiri

Julai ya Mbeya haina huruma. Mausi haishikiki bila glavu zilizokatwa vidole, na chai inapoa kabla kompyuta haijamaliza kuwaka. Naanza mapema kwa sababu saa hizi bando linakimbia vizuri na nyumba bado imelala.

Kwa wasionijua: naunda ndege za kompyuta. Mtu ananunua simuleta, yaani programu ya kuigiza urubani, kama Microsoft Flight Simulator au X-Plane, halafu ananunua ndege za nyongeza moja moja, kila moja na chumba chake cha rubani na swichi zinazofanya kazi. Mimi naunda umbo kwenye Blender, programu ya kuchongea maumbo kwenye kompyuta. Mwenzangu aliyeko Iringa anaandika programu ya mifumo: mafuta, umeme, injini, barafu kwenye mabawa.

Ndege tunayoiunda sasa ni pangaboi ya injini moja, mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa. Ukishawahi kwenda Ruaha kwa ndege ndogo huenda umeipanda. Jina silitaji. Kabla kiwanda hakijatutumia rasimu ya mkataba wa leseni kilitutaka tusaini karatasi ya usiri, tukasaini.

Saa 12 asubuhi

Rasimu imeingia usiku. Ofisi yao iko saa nane nyuma yetu, kwa hiyo barua zao hunikuta nikiwa nimelala. Naisoma na chapati mkononi.

Asilimia ya mrabaha, yaani sehemu yao katika kila nakala nitakayouza, ni ya kawaida, haijanishtua. Wanaruhusu jina, nembo na umbo la ndege kwa miaka kadhaa. Kila picha ya tangazo ipite kwao kwanza. Ndege isionekane ikivunjika: ikigonga mlima, skrini iwe nyeusi, mabawa yasikatike. Wakaguzi wao waruhusiwe kupitia hesabu zangu. Niwe na bima ya dhima (nimecheka peke yangu jikoni, nikifikiria nitakavyomweleza wakala wa bima hapa Mbeya kwamba nataka kukinga ndege isiyokuwepo). Mgogoro wowote uamuliwe kwa sheria ya jimbo mojawapo la Marekani.

Halafu kuna kifungu ambacho nimekisoma mara mbili: kiwango cha chini cha mrabaha. Uuze usiuze, kila mwaka unalipa kiasi fulani, na sehemu ya kwanza unaitoa siku ya kusaini, wakati hujauza hata nakala moja.

Kwa kampuni kubwa ya michezo ya kompyuta hicho ni kifungu cha kawaida. Kwa watu wawili, mmoja Mbeya na mmoja Iringa, ndicho mkataba wenyewe.

Saa 2 asubuhi

Bajaji hadi Mwanjelwa. Nimekodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kelele za mabati zinaanza saa tatu, unazoea.

Saa 3 hadi saa 6

Leo ni zamu ya panga la mbele. Umbo lenyewe lilikwisha wiki iliyopita, sasa navisha ngozi: rangi, mikwaruzo, kingo zilizoliwa na changarawe za viwanja vya porini. Nafanya kazi kutoka kwenye picha nilizopiga kwa kibali, nikiwa nimezikuza mpaka naona brashi ilipopita.

Katikati ya panga kuna lebo ndogo ya mtengenezaji wa mapanga. Si kiwanda cha ndege, ni kampuni nyingine. Ukifungua kifuniko cha injini unakuta bamba la chuma lenye jina la kampuni ya tatu. Ndani, skrini za rubani zina nembo ya kampuni ya nne, hapo juu kwenye fremu, na kila mteja wangu anaijua. Matairi nayo yana maandishi. Leseni ya kiwanda cha ndege hainipi ruhusa ya hayo yote. Rasimu inasema wazi kwamba alama za watu wengine ni juu yangu.

Kwa hiyo nafuta lebo ya panga. Naacha umbo lake la duara dogo, kahawia iliyochakaa, bila herufi. Bamba la injini naliandika namba za kubuni. Skrini nitaziacha tupu fremuni, na najua nani atalalamika, kwa lugha gani na ndani ya dakika ngapi baada ya kutoa picha.

Rangi za mashirika ni mlango mwingine tena. Twiga wa Air Tanzania si wa kiwanda cha ndege, ni wa Air Tanzania. Mimi huuza ndege ikiwa nyeupe, na usajili wa kubuni unaoanzia na 5H kama ndege zote za Tanzania. Wateja huchora wenyewe rangi wanazotaka na kugawana bure. Hilo silizuii wala silisimamii.

Saa 6:20 mchana

Umeme umekatika. Laptopu ina chaji, kompyuta kubwa haina. Nampigia mwenzangu Iringa.

"Dada, kwani lazima tulipe?" anauliza. "Tuitoe bila jina. Tuiite Pangaboi Moja. Anayeijua ataijua."

Si wazo la kijinga, na wapo wengi duniani wanaotumia kifupisho au jina la kubuni. Lakini nilimweleza kwa nini jina peke yake halitoshi. Januari 2012 kampuni ya Electronic Arts ilikwenda mahakamani California yenyewe, kabla ya kushtakiwa, kuomba itamkwe kwamba ina haki ya kuweka helikopta za Bell kwenye mchezo wake wa Battlefield 3. Zilikuwa tatu: AH-1Z, UH-1Y na V-22. Wenye Bell, yaani Textron, walikuwa wanadai si majina tu bali na mwonekano wa helikopta zenyewe. Mwaka huo huo mahakama ilikataa kuyatupa madai ya Textron mapema, na 2013 wakapatana nje ya mahakama. Hukumu ya mwisho haikupatikana. Kwa hiyo ukiuliza kama umbo la ndege lina mwenyewe, kesi hiyo haikujibu.

"Lakini si kuna ile ya Humvee?"

Ipo. Machi 2020 jaji wa New York aliamua kwamba Activision haikuhitaji leseni ya AM General, watengenezaji wa Humvee, kuweka magari hayo ya kijeshi kwenye mchezo wake wa Call of Duty, kwa kuwa mchezo ni kazi ya sanaa na magari yale yanaufanya uonekane wa kweli. Ni hukumu nzuri sana kwetu, ukiisoma haraka. Ila pale gari lilikuwa kitu kimoja ndani ya hadithi ndefu. Sisi tunauza ndege yenyewe. Jina la ndege ndilo jina la bidhaa. Na 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya Jack Daniel's dhidi ya watengenezaji wa kitu cha kuchezea mbwa kilichofanana na chupa yake ya wiski, ilisema kinga hiyo ya kazi ya sanaa haikufai ukitumia alama ya mtu mwingine kama alama ya bidhaa yako. Hapo ndipo tulipo sisi.

Kwa Tanzania tuna Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, na usajili uko BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Alama husajiliwa nchi kwa nchi. Lakini wateja wetu wako Ujerumani, Uingereza na Marekani, kwa hiyo sheria inayotufuata ni ya huko wanakonunua. Na hata tukiwa na haki, nani atakwenda kuitetea? Barua moja kwa duka la mtandaoni inatosha: duka linaiondoa ndege leo, mabishano baadaye. Electronic Arts ina mawakili wa kulipwa kwa saa. Mimi nina binamu anayesoma sheria mwaka wa pili.

"Sawa dada," akasema. "Lakini hicho kiwango cha chini sikitaki."

Hapo tulikubaliana.

Saa 8 mchana

Umeme umerudi, na mzee wangu amefika. Alikuwa fundi wa ndege enzi zile kiwanja kikiwa bado hapa mjini, kabla safari hazijahamia Songwe mwaka 2012. Namlipa kwa kikao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, washa tuone."

Namzungushia ndege kwenye skrini. Anasimamisha mkono wangu kwenye kifuniko kidogo cha kukagulia oili.

"Hicho hakifunguki hivyo. Umekipa bawaba upande wa nyuma. Kikifunguka angani upepo utakichukua. Bawaba inakaa upande unaopokea upepo, ili upepo ukifunge."

"Si ndiyo iko mbele, mzee?"

Anainama, anatoa miwani, anaipangusa, anaivaa tena. "Enhe. Basi ni lachi ya kukifungia ndiyo inanidanganya. Lachi yako imenyanyuka. Inatakiwa ilale sawasawa na bati, kidole kipite bila kukwama."

Nimeilaza. Milimita mbili tu, na kifuniko kizima kikabadilika sura. Hakuna kitu kama hicho kwenye rasimu ya mkataba: wanatoa nembo na ruhusa, michoro hawatoi. Ningepewa michoro na majedwali ya injini, ningelipa kwa moyo mweupe. Mwongozo wa rubani naweza kuununua mwenyewe. Kasi za ndege na uzito wake ni taarifa tu, hakimiliki haizibani, ila maneno na michoro ya kitabu ni mali yao, ndiyo maana mwongozo wa wateja wangu naandika kwa maneno yangu kuanzia ukurasa wa kwanza.

Mzee ana ushauri wake kila akija: "Achana na hawa. Tengeneza Dakota." Anamaanisha DC-3, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1935 na ambayo baadaye East African Airways iliitumia huku kwetu. Nikamwambia uzee wa ndege haufuti mwenyewe. Douglas iliungana na McDonnell mwaka 1967, McDonnell Douglas ikaingia Boeing mwaka 1997, na majina yakahama pamoja na mali nyingine. Twin Otter nayo: hati zake zilinunuliwa na Viking Air mwaka 2006, na leo zinakaa chini ya jina la De Havilland Canada.

"Kwa hiyo hata aliyekufa anadai," alisema, akaomba chai nyingine.

Saa 10 jioni

Majaribio. Napaa Songwe, naelekea Nduli, Iringa. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na hewa ya mchana ni nyepesi. Ndege iliyojaa lazima ikimbie mbali kabla ya kunyanyuka. Njia ya Songwe ina zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo kosa la injini huwezi kuliona pale. Nduli, kwenye njia fupi zaidi, ndiko linakoonekana. Leo imenyanyuka pale mapema mno. Namwandikia mwenzangu: nguvu ya injini haipungui kadiri tunavyopanda, angalia jedwali la joto.

Saa 11:30 jioni

Hesabu. Namba hizi ni za mfano, si za rasimu, kwa sababu niliyoieleza.

Chukua ndege ya dola 30. Duka likate asilimia 30, zinabaki 21. Nakala ikinunuliwa na mtu wa Marekani, malipo yangu yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 kule kule, kwa kuwa Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi wa kunipunguzia. Zinabaki 14.70. Mrabaha wa kiwanda, tuseme asilimia 10 ya bei ya dukani, ni dola 3. Lakini mimi ninapolipa mrabaha nje ya nchi, TRA inanitaka nizuie asilimia 15, na rasimu za namna hii husema kiwanda kipokee chote bila makato. Basi ili wapate 3 mimi natoa 3.53. Zinabaki dola 11.17 za kugawana watu wawili, mzee, kodi ya chumba na umeme unaokatika.

Mpaka hapo bado ni biashara. Sasa weka kiwango cha chini cha dola 10,000 kwa mwaka. Kwa dola 3 kila nakala, unahitaji kuuza nakala 3,334 ndipo kifungu hicho kiache kukuuma. Ndege ya abiria inayojulikana dunia nzima inaweza kufika huko. Pangaboi ya kupeleka watalii na dawa vijijini, sidhani. Ndiyo maana simuleta zimejaa ndege zilezile kubwa, na hizi zinazotua kwenye nyasi za kwetu unazihesabu kwa vidole.

Jambo moja linanipa moyo. Kampuni ya reli ya Union Pacific kule Marekani iliwahi kuwadai ada watengenezaji wa treni za mfano kwa kutumia alama zake, ikawashtaki baadhi yao mwaka 2004, na 2006 ikaachana na ada hizo. Mwenye alama anaweza kulegea akiona anaowabana ndio wanaompenda.

Saa 2:15 usiku

Kule kiwandani ni mchana. Nimewaandikia hivi: asilimia ya mrabaha tunaikubali, na tuko tayari iongezwe nusu yake, ila kiwango cha chini kiondolewe na malipo ya mwanzo yawe sifuri. Bima ifutwe. Kodi ya zuio ya Tanzania ibebwe na anayepokea. Picha za tangazo tutawatumia, wakikaa kimya siku kumi na nne zihesabike zimekubaliwa. Na wakitaka tuongeze chochote zaidi ya hapo, watupe majedwali ya injini.

Mwenzangu ameisoma kabla sijatuma. "Dada, umeomba vingi."

"Hivyo ndivyo wanavyoomba wao, mdogo wangu."

Nimetuma. Wakikataa, kesho kutwa natoa nembo mkiani, tunaiita Pangaboi Moja, na kabla ya kuiuza namwita wakili wa kweli atuambie umbo lenyewe tulibadilishe wapi. Wakati huo jengo la abiria la Songwe liko nusu kwenye Blender. Hilo halina kiwanda kinachonidai, nembo tu nitaziulizia kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege.