Celica ya mjomba na injini ya Altezza

Mimi si fundi magari. Ni fundi umeme, naishi Chuno hapa Mtwara, na kabla ya gari hili kazi kubwa niliyowahi kufanya chini ya boneti ni kubadili plagi za Rav4 yangu. Kwa hiyo nikisema "tulifanya", mara nyingi maana yake fundi alifanya, mimi nikashika tochi, halafu usiku nikarudi peke yangu kuangalia kama nimeelewa.

Gari lilikuwa la mjomba. Ni Toyota Celica ya kizazi cha pili, ile iliyotengenezwa kuanzia 1977 hadi 1981, milango miwili, taa nne za duara mbele. Umbo lake lilichorwa Marekani, katika studio ya Toyota iitwayo Calty kule California, na ukilitazama ubavuni unaona kabisa kwamba aliyelichora hakuwa anafikiria barabara za Tandahimba, alikokuwa anaishi mjomba. Mjomba aliliegesha chini ya mkorosho mwaka 1996 injini ilipogoma, akawa anasubiri hela za msimu. Msimu ukaja ukapita, na mingine ikaja ikapita. Alipofariki wazee wakakaa kikao, na kwa kuwa kwetu mpwa ana neno lake kwenye mali ya mjomba, nikaambiwa, "Wewe ndiye uliyekuwa unaliosha. Chukua mkweche wako." Hakuna aliyenigombea.

Mkorosho una kivuli kizuri lakini usiufanye gereji. Bibo likidondoka na kupasukia kwenye bati, maji yake yanatafuna rangi na kuacha doa lisilosuguliwa. Majani yanajaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yanashika unyevu, na bati linaoza kutokea ndani huku nje linang'aa. Kwenye viti kulikuwa na vumbi la salfa, dawa inayopuliziwa mikorosho, la misimu sijui mingapi. Tulilisukuma likapanda Fuso, tukala vumbi mpaka lami ya Mnivata, na jioni likashushwa uani kwangu mbele ya watoto wa mtaa mzima.

Injini yake ilikuwa 18R ya kabureta, sentimita za ujazo 1,968, ambayo hata ikiwa mpya haikufikisha farasi 100. Nilipofungua bakuli la filta ya hewa nilikuta kiota cha panya kilichotandikwa maganda ya korosho, safi kama godoro. Tukamimina mafuta ya taa na oili kwenye matundu ya plagi, tukasubiri wiki nzima, tukaweka spana kwenye puli ya mbele na bomba refu juu yake. Haikutikisika. Fundi akafungua silinda hedi. Silinda ya tatu ilikuwa imeshikana na pistoni kwa kutu, huwezi kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Ingeweza kuchongwa, sikatai. Lakini pistoni na ringi za saizi kubwa za injini hiyo ningeagiza nje, na kila gasketi baada ya hapo ningeagiza nje. Mimi nilitaka gari ambalo likiharibika Jumamosi, spea naipata Jumapili.

Vijana wa kijiweni walitaka niweke 1JZ, injini ya Toyota ya silinda sita. Kila kijiwe kina mtu anayetaka 1JZ. Nilichukua futi nikapima kutoka ukuta wa injini mpaka rejeta, nikaenda kupima injini ya Mark II ya jirani. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu, zingenisukumia rejeta mbele na kuweka uzito wote kwenye pua ya gari lenye tani moja tu. Nikaamua 3S-GE ya Altezza, gari jingine la Toyota: silinda nne, sentimita za ujazo 1,998, kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vyote milimita 86. Ile ya gia sita za mkono ilitoka kiwandani na farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Tayari imelazwa kwa urefu na inasukuma magurudumu ya nyuma, kwa hiyo gia boksi yake inakuja nayo. Na ukoo wa 3S kila fundi wa hapa ameshaufungua kwenye Rav4 au Noah za zamani, hata kama hedi ya hii ni nyingine.

Nilinunua Dar, Ilala, mitaa ya Shauri Moyo. Hapa nina ushauri mmoja ninaousimamia kwa nguvu zote: usikubali waya zikatwe. Muuzaji alishashika koleo. "Kaka, waya utaziunga tu ukifika." Nikamwambia asiguse. Nilikaa juu ya tairi tangu saa tatu mpaka baada ya adhuhuri nikichomoa soketi moja moja, nikitoa mkufu mzima wa waya pamoja na kontrol boksi yake, yaani kompyuta ya injini, pedali ya mafuta, na relei zote. Alinicheka, akaniagizia chai. Koleo lake lingenigharimu miezi.

Injini ikapakiwa kwenye lori mwishoni mwa Aprili 2024. Mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikapita, mvua zikakata barabara maeneo ya Somanga, na injini yangu ikawa huko kaskazini ya Lindi na mzigo wa watu. Sikulalamika sana, waliokwama na watoto ndani ya mabasi walikuwa na shida kuliko mimi. Nilitumia muda huo kwenye bodi.

Bodi ndiyo kazi. Injini watu wanaipigia picha, bodi inakula mwaka. Nilitoa viti na zulia, nikachukua bisibisi nikawa nagonga sakafu kila baada ya vidole viwili. Penye chuma inalia, penye kutu inazama. Upande wa dereva ilizama mpaka mpini. Fundi bodi wa kwanza alitaka kujaza kitambaa na puti, apige rangi, amalize kwa siku nne. Tukaachana kwa heshima. Wa pili, mzee wa Magomeni ya hapa Mtwara, alizunguka gari mara mbili bila kusema neno, kisha akaniuliza, "Milango inafunga vizuri sasa hivi?" Nikasema inafunga. "Basi kabla sijakata chochote, tuifunge isijue kama nimekata."

Alichomaanisha ni hiki. Kizingiti cha chini ya mlango na sakafu ndivyo vinavyobeba gari la namna hii, halina chasisi ya peke yake kama lori. Ukikata kizingiti kilichooza bila kulishikilia, gari linapinda katikati kama kitanda cha kamba, ukimaliza kuchomelea milango haifungi tena milele. Akachomelea nondo mbili za msalaba ndani, kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kitasa, kila upande. Akapima pengo la mlango kwa vipande vya kadi ya simu: kadi tatu juu, kadi nne chini. Ndipo akawasha grenda. Tulikata upande mmoja, tukaumaliza, ndipo tukaenda wa pili. Bati jipya la milimita 1.2, kingo zimekunjwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli ambacho alinikataza nisiulize alikitoa wapi. Alipomaliza, kadi tatu juu, kadi nne chini.

Umeme ulikatika katikati ya kuchomelea mara nyingi kiasi kwamba watoto walijua: baba akitoka nje na kikombe cha chai, umeme umekatika.

Injini ilipofika tulibadili mkanda wa taiming, pampu ya maji na sili zote ikiwa bado chini, maana ikishaingia kila bolti ina kona yake. Fundi alitaka kuinyanyulia kwenye tawi la mwembe. Nikalitazama tawi, nikatazama injini, nikaenda kwa mchomeleaji tukaunda miguu ya mabomba ya inchi tatu na kukodi cheni bloku.

Tukaishusha. Ikashuka vizuri mpaka ikabaki kama upana wa kiganja, ikakaa. Bakuli la oili lilikuwa limetua juu ya mhimili wa mbele, ule unaobeba maunti za injini. Kwa macho huoni linagusa wapi na wapi pana nafasi. Nilikwenda jikoni nikachukua donge la unga wa chapati, nikalitandaza juu ya mhimili, nikaweka plastiki, tukaishusha injini taratibu, tukaipandisha. Unga ulikuwa umechora kila kitu: hapa umebaki wembamba wa karatasi, hapa umebaki unene wa kidole. Tukarudia mara tano.

Mke wangu akatoka mlangoni. "Baba mapacha, huo unga wangu mnamkandia nani?"

Kwa ramani hiyo ya unga tukaunda upya sehemu ya chini ya bakuli kwa bati la milimita 3, kina chake tukakihamisha mhimili usipokuwepo, tukarefusha na kukunja bomba la kunyonyea oili lilifuate. Bomba hilo lisiguse sakafu ya bakuli wala lisiwe juu mno. Tuliacha milimita 8. Tukajaza bakuli petroli usiku kucha kuona kama linavuja. Lilivuja sehemu mbili. Ndani tuliweka vibati vya kuzuia oili isikimbilie upande mmoja ukikata kona, maana pampu ikinyonya hewa sekunde chache tu beringi zimekwenda.

Gia boksi ilitaka tukate mgongo wa katikati, fimbo yake ilitokea nyuma ya tundu la zamani. Waya, kazi ambayo wenzangu wanaiogopa, mimi ilinichukua Jumamosi tatu: niliandika kila soketi kwenye plasta ya dawa, nikatenganisha za injini na za mwili wa Altezza, mwishoni zikabaki chache za kuunga na gari. Umeme wa kudumu, umeme wa swichi, stata, relei ya pampu, taa ya injini, na eathi. Eathi niliweka tatu nene. Mita ya spidi ilikufa, kwa sababu ya Celica inaendeshwa na kebo na gia boksi hii inatoa ishara ya umeme. Mpaka leo natumia simu.

Iliwaka Novemba, jaribio la pili. Sitasema nililia.

Kilichofuata kilinifundisha adabu. Injini ya kabureta inaridhika na pampu dogo la kusukumwa na injini yenyewe, la mgandamizo mdogo. Hii ya sindano inataka karibu baa tatu, pampu ya umeme, na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Yote niliyaweka, nikajisifu. Tangi sikuligusa. Nililimulika na tochi kwa juu nikaona linang'aa. Safari ya kwanza nikaenda Mikindani, gari linavuta kama limechokozwa, nikafika kwenye ghuba nikageuza, na kwenye mlima wa kutoka likaanza kukohoa, likanyamaza. Niliegesha pembeni. Mama mmoja aliyekuwa anauza ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, akaniambia, "Mwanangu, gari zuri hivyo nalo linazima?" Nikanunua ya buku nikala nikisubiri fundi. Filta ilipofunguliwa ilimwaga matope mekundu. Pampu yenye nguvu ilikuwa imekwangua kutu ya miaka karibu thelathini kutoka sehemu za tangi ambazo tochi haifiki. Tukalishusha tangi, tukatia kokoto na maji ya sabuni, tukalifunga kwenye gurudumu la nyuma la trekta lililonyanyuliwa likazunguka nalo mchana kutwa.

Propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, nayo tuliikata fupi hapahapa, ikachomelewa kwa macho, na gari likawa linatetemeka kuanzia spidi 80 mpaka kioo cha ndani kinageuka. Hiyo ilibidi iende Dar kusawazishwa kwenye mashine. Wasiwasi wa breki niliuondoa mapema: hozi mpya, silinda za nyuma mpya, diski za mbele mpya. Farasi zimeongezeka zaidi ya mara mbili, miguu ya kusimamia lazima iwepo. Makaratasi ya TRA, mamlaka ya mapato, yalichukua muda kwa sababu namba za gari zilikuwa za mfumo wa zamani na namba ya injini si ile ya kwenye kadi, ila nilikuwa na risiti ya injini na maandishi ya kikao cha familia, na ukaguzi ulipita.

Mwezi uliopita nilikwenda nalo Tandahimba. Mkemjomba alizunguka gari, akagusa mlango wa abiria, akauliza kama bado unafungwa kwa kuubamiza. Nikamwambia hapana, sukuma kidogo tu. Akausukuma, ukafunga. Akaufungua, akaubamiza. "Hivi ndivyo ulivyokuwa," akasema, akaingia.

Leo asubuhi nimevuta boksi ninaloliweka chini ya injini usiku. Lina tone moja la oili, nyuma, kwenye maungio ya gia boksi. Juzi yalikuwa mawili.