Yairo alipokuwa akingoja

Mimi ni muuguzi, na kila nikisoma sura ya 5 ya Injili ya Marko naisoma kama mtu aliye zamu. Yairo, mkuu wa sinagogi, ameanguka miguuni pa Yesu: binti yake mdogo yu katika kufa, tafadhali njoo uweke mikono juu yake. Yesu hamwulizi swali hata moja. Anaondoka naye, na umati unawafuata ukiwasonga. Njiani mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anapenya kwa nyuma, anagusa vazi lake, anapona hapo hapo. Yesu anasimama.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi chumba cha dharura hapo moyo unamruka. Mtoto anayekata roho hutangulizwa. Mwenye ugonjwa wa miaka 12, hata uwe mchungu kiasi gani, anaweza kungoja mpaka jioni, maana jioni atakuwa bado yupo. Hatufanyi hivyo kwa ukatili. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi ya Napoleon, aliamua kwamba majeruhi watibiwe kwa uzito wa majeraha yao bila kuangalia cheo, na uamuzi huo umeokoa watu wengi mno tangu wakati wake. Naamini hata Larrey angemwelewa Yesu nusu nusu. Kuhusu cheo wanakubaliana: mkuu wa sinagogi hapewi nafasi ya mbele kwa sababu ya ukuu wake, na mwanamke ambaye Marko hata jina lake hatupi anasikilizwa sawa naye. Kuhusu uzito wa hali, hapana. Larrey angekwenda kwa mtoto.

Na kuna jambo lililonichukua muda mrefu kuliona. Yesu aliposimama, mwanamke alikuwa amekwisha kupona. Marko anasema wazi kwamba chemchemi ya damu yake ilikauka mara moja, naye akajua mwilini mwake kuwa amepona. Kwa maneno ya wodini, alikuwa wa kuruhusiwa. Hakuna tiba iliyobaki. Kwa nini basi kusimama, na kuuliza nani amenigusa, na kuendelea kutazama huku na huku hata baada ya wanafunzi kumwambia kwamba umati mzima unamgusa?

Jibu ninaloliona liko katika mstari wa 33. Mwanamke alikuja akitetemeka, akaanguka mbele yake, akamweleza kweli yote. Fikiria urefu wa kweli yote ya miaka 12. Waganga wengi waliomtesa. Mali yote iliyokwisha. Sheria ya Walawi 15, iliyomfanya najisi siku zote za kutokwa damu, hata kitanda alicholalia na kiti alichokalia. (Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, anapoisimulia habari hii haandiki kwamba waganga walimtesa, anasema tu kwamba hapakuwa na aliyeweza kumponya. Namwelewa. Lakini namshukuru Marko kwa kuliandika, kwa sababu wagonjwa wetu wanalijua.) Mwili wake ulikuwa umepona, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Yesu alisimama kwa ajili ya hilo, wakati ambapo kila dakika ilikuwa na mwenyewe.

Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia hapo, na huishia vizuri: tuwe na muda na watu, tusipite. Nayaamini kwa moyo wote. Mwaka 1973 watafiti John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi, na njiani alimkuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Kati ya wale walioambiwa kwamba wana muda wa kutosha, asilimia 63 walijaribu kusaidia. Kati ya wale walioambiwa kwamba wamechelewa, ni asilimia 10. Nusu ya wanafunzi walikuwa wanakwenda kuzungumza juu ya Msamaria mwema, na mada hiyo haikuleta tofauti ya maana. Kilichowapitisha wengi ni haraka, na mimi naijua haraka hiyo. Inaishi katika miguu yangu tangu makabidhiano ya zamu mpaka ninapovua sare.

Lakini mimi nataka kukaa na Yairo.

Kwa sababu Yairo yupo pale muda wote. Amesimama umbali wa hatua chache, anasikia mwanamke akieleza miaka yake 12, na nyumbani kwake kuna mtoto wa miaka 12. Mwaka ule binti alipozaliwa na nyumba kujaa furaha, ndio mwaka ambao mwanamke huyu alianza kutokwa damu. Sasa yeye ndiye anayefurahi, na baba anahesabu pumzi za mtoto asiyemwona. Huruma ya Yesu kwa mmoja imekuwa kuchelewa kwa mwingine. Mathayo anapoisimulia habari hii, mtoto amekwisha kufa tangu baba anapokuja, kwa hiyo kule kungoja hakuumi namna hii. Marko ndiye anayetuacha tuteseke pamoja na baba. Mwanamke akiwa bado anaambiwa aende kwa amani, wanafika watu kutoka nyumbani: binti yako amekufa, ya nini kuendelea kumsumbua mwalimu?

Zamu moja ya usiku alikuwepo mama mmoja mzee aliyekuwa ameruhusiwa tangu mchana, anamngoja mwanawe aje kumchukua. Alikuwa amevaa nguo zake za kuendea nyumbani, mkoba magotini, na alitaka kuongea. Hakuhitaji dawa wala kupimwa. Alitaka mtu asikie jinsi alivyoanza kuumwa, nani alimwamini na nani alimwambia anajisingizia. Nilivuta kiti nikakaa. Kazi nyingine zilikuwa zimekwisha kwa wakati ule, na mwenzangu alikuwa zamu upande wa pili. Mbele yetu, kwenye benchi la ukutani, alikuwapo baba ambaye kijana wake alikuwa chumba cha upasuaji. Alinitazama mimi, akatazama saa, akanitazama tena. Sikuwa na habari yoyote ya kumpa. Mlango wa chumba cha upasuaji haufunguki kwa sababu muuguzi wa wodi amesimama badala ya kukaa. Hata hivyo nilijua anaona nini: mtu aliyepona anapewa muda wote wa dunia, na yeye hapewi kitu.

Siku kadhaa baadaye, kijana akiwa kitandani anaendelea vizuri, yule baba alinijia akasema, "Dada, usiku ule nilikukasirikia sana." Nikamwambia, "Nilikuona, baba." Akauliza, "Uliniona?" Nikasema ndiyo. Hatukuongeza neno, ila tangu hapo alinisalimia kama ndugu. Nimelifikiria sana. Sidhani alitaka nimwache yule mama. Alitaka kujua kama alikuwa anaonekana.

Na Yesu alimwona. Ndilo jambo lililonifunga katika habari hii. Marko anaandika kwamba Yesu alilisikia lile neno la wajumbe, na kabla Yairo hajatamka lolote alimgeukia yeye: usiogope, amini tu. Hakuomba radhi kwa kuchelewa, wala hakueleza kwa nini. Aliendelea kutembea naye. Yairo kwa upande wake, tangu lile ombi la kwanza, haandikiwi neno hata moja katika sura nzima. Hatujui kama aliamini alipoambiwa aamini. Tunachojua ni kwamba aliendelea kwenda, akaingia nyumbani mwake katikati ya watu waliokuwa wakilia, kisha wakamcheka Yesu aliposema kwamba mtoto amelala tu, akaingia na mkewe chumbani alimolazwa mtoto. Imani ninayoiona kwa wengi ninaowahudumia ni ya namna hiyo. Haina maneno. Imebaki miguuni tu.

Lazima niseme pia kwamba mimi nimewaosha watoto ambao hawakuamka. Siwezi kuandika juu ya Yairo nikanyamaza juu ya wazazi wao. Maneno "usiogope, amini tu" siwaambii, kwa sababu aliyeyasema alikuwa anakwenda kuushika mkono wa mtoto na kumwinua, na mimi sina uwezo huo. Wala siwaambii kwamba Mungu ana mpango wake. Huenda ni kweli, lakini mtu aliyesimama hajafiwa hana haki ya kulisema kwa aliyefiwa saa hiyo. Ninachoweza ni kukaa, kuleta maji, kusubiri nao karatasi zinazochelewa, na kulitaja jina la mtoto kama alivyoitwa nyumbani. Ninaamini kwamba Kristo atawainua. Naliamini hilo kwa nguvu zaidi wodini kuliko kanisani. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna barabara ndefu, na barabara hiyo mtu haitembei peke yake kama sisi tupo.

Najua pia kwamba si kila mwito ni wa kuitikia papo hapo. Hospitali nyingine huwavalisha wauguzi mkanda au aproni yenye maandishi ya kuomba wasisemeshwe wakati wa kugawa dawa, kwa sababu kukatizwa katikati ya vipimo kunaweza kumdhuru mgonjwa. Hiyo nayo ni huruma. Nikiwa na sindano mkononi sitageuka hata nikiitwa kwa upole namna gani, na sioni dhambi hapo. Dietrich Bonhoeffer, aliyewafundisha wachungaji vijana wa Ujerumani katika seminari ya Finkenwalde mpaka polisi wa Hitler walipoifunga mwaka 1937, aliwahimiza wawe tayari kukatizwa na Mungu katika shughuli zao. Nalikubali hilo. Ila kazini naongeza swali langu: ninapokatizwa na huyu, nani amebaki anangoja, na je, kuna mtu wa kusimama naye? Mara nyingi yupo. Mwenzangu, mhudumu wa usafi ambaye wagonjwa wanampenda kuliko sisi, ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mara nyingi kinachohitajika ni mtu mmoja kumwendea aliye kwenye benchi na kusema, "Tunajua uko hapa, na hatuna habari bado."

Kanisani tumekuwa na desturi ya kumpa kipaza sauti yule mwanamke. Anasimama, anaeleza kweli yote, tunapiga makofi, na ni haki yake. Miaka 12 ni mingi. Lakini katika safu ya nyuma yupo Yairo wa wiki hiyo, mwenye mtoto ambaye hajapona, mwenye ndoa inayovunjika, mwenye majibu ya vipimo aliyoyakunja mfukoni. Anapiga makofi kwa sababu jirani yake anapiga. Hakuna ubaya katika ushuhuda, na aliyepona hana kosa kwa kuwa na furaha mbele ya anayengoja. Huenda mwanamke yule hakujua hata kwamba Yairo yupo. Sisi tuliobaki ndio tunaoweza kugeuza shingo tukatazama.

Katika kikundi chetu cha maombi nilileta ombi, na wenzangu wakalikubali. Kabla ya shuhuda tunauliza kwanza nani bado anangoja. Halazimiki kueleza anangoja nini. Anainua mkono, mtu anahama kiti anakwenda kukaa karibu naye, na anabaki hapo wakati wa shuhuda zote. Mara ya kwanza mikono iliyoinuliwa ilikuwa mingi kuliko watu wa kwenda kukaa nao, ikabidi tupange viti upya, na ibada ikaanza kwa kuchelewa.