Kundi Lililogeuza Mgongo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Somo la juma hili ni Yohana 9:18–35.

Jumamosi watoto waliniomba tuangalie Dumbo, katuni ya Walt Disney ya mwaka 1941. Ni fupi, dakika 64 tu. Nilikuwa nikiikumbuka kama hadithi ya tembo mdogo wa sarakasi anayeruka angani kwa masikio yake. Safari hii macho yangu yalibaki kwa wale tembo majike.

Mtoto anapoletwa wanamsifu kweli kweli. Kisha anapiga chafya, masikio yanafunguka, na sifa zinaishia hapo. Jina Dumbo lenyewe ni kejeli yao. Mama yake alimwita Jumbo Junior. Mama anafungiwa kwenye behewa kwa kumchapa mvulana aliyemchokoza mwanawe, na mtoto anapolisogelea kundi, wanampa mgongo. Akifanywa kichekesho cha sarakasi, wanakula kiapo kabisa: huyu si tembo tena.

Kiapo! Nikakumbuka mstari wa 22, jinsi wakubwa walivyokwisha kuafikiana kwamba atakayemkiri Kristo atatengwa na sinagogi. Hata wazazi wa yule aliyezaliwa kipofu, ambaye Yesu alimponya, wakaruka kimanga: ni mtu mzima, mwulizeni yeye.

Kanisani neno kutengwa tunalijua, na kurudi kundini tunakujua. Lakini kuna kutengwa ambako hakuna mzee wa kanisa aliyekuandika popote. Mtu anaingia, na sisi tunatanuka kidogo kwenye benchi ili nafasi isionekane.

Mwishoni Dumbo anaruka, na kundi linamkubali. Hapo ndipo filamu inaponikera kidogo. Je, asingeruka? Panya mmoja tu (jina lake Timothy, kama yule kijana wa Paulo) alikaa naye akiwa bado ni kichekesho, na mama alimbembeleza kwa mkonga uliopenya kwenye vyuma vya dirisha. Hao hawakungoja mabawa.

Na Yesu aliposikia kwamba yule aliyekuwa kipofu ametolewa nje, alikwenda akamwona.

Tuombe. Bwana, yupo dada anayekaa karibu na mlango, anayeondoka kabla ya baraka. Alipojifungua sikwenda kumwona mtoto, nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Leo jioni nitapita kwake. Amina.