Waifai iliyokuwa ikikata kila jioni

Ghorofa letu hapa Kariakoo lina ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, karibu kila nyumba. Mchana waifai inakimbia. Wapangaji wakirudi kazini, hata picha ya WhatsApp inazunguka tu. Fundi wa kampuni ya intaneti akaniambia ninunue kifurushi kikubwa zaidi, jibu lao la kila siku. Nikachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta saa hiyohiyo ya jioni: spidi safi. Basi tatizo liko hewani. Programu ya simu ya kupima mawimbi ikaonyesha karibu sote tumebanana chaneli ya 6, yaani njia moja ya mawimbi. Kwenye masafa ya GHz 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, nami nikahamia 11, upana wa chaneli nikaushusha kutoka MHz 40 hadi 20. Televisheni, iliyo jirani na ruta, nikaipa masafa ya GHz 5. Mawimbi hayo ukuta huwa unayashinda, ndiyo maana nikachagua kifaa cha karibu. Video hazikwami tena.