Ndizi za ratili hadi mahakamani 😂
Leo nanunua nyanya sokoni huku Uingereza, muuzaji kaandika bei ya ratili kwa maandishi makubwaaa, ya kilo kaibana pembeni kama anaionea aibu. Kumbe hii vita ya zamani, tangu 1/1/2000 vitu vya kupima sheria inataka viuzwe kwa kilo na gramu, sasa kuna muuza matunda wa Sunderland, Steve Thoburn, akagoma kabisa, wakamchukulia mizani yake na 2001 akakutwa na hatia, kisa ndizi jamani! Akakata rufaa, 2002 akashindwa. Na ratili yenyewe ni kama gramu 454 tu. Mi hapo namuelewa mzee wa watu, wateja wake ndo walivyozoea kuagiza, ila kwa kulinganisha bei mi niacheni na kilo yangu.