Faili hili limeletwa na nani?

Kwenye seva sifuti faili kabla sijajua limeletwa na pakeji gani, yaani furushi gani la programu lililowekwa kwenye mashine. Debian na Ubuntu, ambazo ni mifumo ya Linux, zinatunza kumbukumbu hiyo kwenye mashine yenyewe, ndani ya /var/lib/dpkg/info, kila pakeji na orodha ya mafaili yake. Unauliza kwa amri ya dpkg -S, unaipa njia ya faili, na jibu linakuja hata intaneti ikiwa imekatika. Mimi hilo nalipenda sana.

Leo hapa ofisini Kijitonyama diski ilijaa, na kijana tunayefanya naye kazi akaniita: "Kaka, hili nilifute? Mwenyewe ni root tu." Lilikuwa /usr/lib/locale/locale-archive. Lakini root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anamiliki karibu kila kitu chini ya /usr. Jina lake halikwambii faili limetoka wapi. Tukauliza dpkg -S, ikajibu "no path found". Akaona basi, ni takataka.

Hapo ndipo pa kutulia. Kuna mafaili ambayo hayamo kwenye pakeji yoyote, yanatengenezwa kwenye mashine baada ya pakeji kuingia. Hilo locale-archive huundwa na amri ya locale-gen, na ndimo ilimo sw_TZ, mipangilio ya Kiswahili cha Tanzania, inayofanya ripoti zetu za asubuhi ziandike Jumatatu badala ya Monday. Hata /etc/passwd kwenye Debian haina pakeji inayoidai, na hakuna mwenye akili timamu atakayeifuta. Tukaliacha, tukapiga apt clean, inayofuta pakeji zilizoshushwa zikabaki kwenye diski, nafasi ikapatikana.

Viungo, yaani mafaili yanayoelekeza tu kwenye faili lingine, navyo vinachanganya. Ukiuliza /usr/bin/awk utaambiwa haipo kwenye pakeji yoyote, kwa sababu ni kiungo tu kinachopitia /etc/alternatives. Anza na readlink -f, inayofuata kiungo hadi kwenye faili lenyewe; mara nyingi itakupeleka /usr/bin/mawk, na hiyo dpkg inaijua vizuri. Kwenye Linux nyingine, wenye Fedora wanauliza kwa rpm -qf, wa Arch pacman -Qo.

Faili ambalo bado huna ni habari nyingine. Unajenga programu, inalalamika haioni openssl/ssl.h, apt-file search itakuambia limo kwenye pakeji ya libssl-dev. Ila apt-file inataka kwanza ishushe orodha za mafaili ya pakeji zote, na si ndogo. Kama unatumia bando la simu, fanya apt-file update ukiwa kwenye waifai ya ofisi.